Madaftari Matatu ya Padri Bortolo

Nilikwenda Italia kwa sababu moja. Georgine, binti yangu wa ubatizo, alikuwa anakaribia kusimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yake ya udaktari, na nakala ya maandishi aliyoitegemea ilikuwa na mapengo. Mapengo hayo niliyaweka mimi kwa mkono wangu, na hakuna mwingine aliyeyajua. Ninaandika safari hii kwa ajili ya Wakristo wa parokia yetu hapa Bunia, mlioniaga kwa sala mkidhani kwamba muzee wenu anakwenda kupumzika na vita.

Wengi wenu mnamkumbuka Padri Bortolo. Alikuja Ituri akiwa kijana, akitoka kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, na akafa kwetu akiwa mzee. Nilikuwa katekista wake na karani wa parokia kwa miaka kumi na tisa. Kiitaliano changu nilikipata kwake, kwa kumsikiliza akisoma barua za kwao kwa sauti. Katika miaka yake yote hapa alijaza madaftari matatu: mvua, mazishi, shamba la misheni, safari za baisikeli kwenda Djugu, na mambo ya roho yake mwenyewe. Alipokaribia kufa alinikabidhi madaftari hayo. Mchwa walikuwa wamekwisha kula kingo za kurasa, kwa hiyo nikayanakili kwa mwandiko ule ule ninaoandikia vitabu vya ubatizo. Kazi hiyo ilichukua msimu mzima wa mvua.

Nilinakili yote isipokuwa sehemu ishirini na sita. Katika sehemu hizo Padri aliandika kwamba hawezi kusali, kwamba mbingu imefungwa juu yake kama bati, kwamba amechoka na sisi na anataka kurudi kwa mama yake. Nilipofika pale nilijiuliza: huyu si ndiye aliyebatiza nusu ya mji? Si ndiye ambaye watu wanakwenda kusali kwenye kaburi lake? Nikaruka. Sikuona kwamba nasema uongo. Niliona ni heshima, kama vile unavyomvutia mgonjwa shuka wageni wanapoingia.

Vita vilipofika Nyakasanza, mtaa wa parokia yetu, nyumba ya mapadri iliporwa, na watu wakasema maandishi ya Padri yameungua. Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba tulipokimbia niliyabeba ndani ya gunia la maharagwe, na tangu siku hiyo yalikaa nyumbani kwangu Rwambuzi, chini ya kitanda, yakiwa yamefungwa kwa kitambaa cha mezani. Iliyosalia mbele ya watu ilikuwa nakala yangu, na nakala hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Georgine.

Georgine ni mtoto wa mwalimu mwenzangu wa katekismu wa Nyakasanza, aliyekufa mwanzoni mwa vita. Masista walimpeleka Italia kusoma. Alianza na lugha, akaendelea na fasihi na sanaa za kule, kisha akaingia katika masomo ya udaktari wa elimu wanayoiita filolojia. Ni kazi ya kushika maandishi ya zamani, kulinganisha nakala na nakala, na kutafuta mwandishi mwenyewe aliandika nini. Wamama wa parokia waliposikia anakuwa docta walinituma nimwombe dawa ya presha. Nikawaeleza kwamba ni docta wa maandishi, si wa sindano. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa ule anaponyesha nini?"

Siku moja Georgine alinipigia simu kunialika. Wakristo wa kijiji cha Padri Bortolo walikuwa wamenilipia tiketi, wapate kumwona katekista wa ndugu yao, na yeye alitaka niwepo siku ya kutetea. Akanieleza kazi yake kwa furaha.

"Papa, daftari la kwanza limejaa ile luga ya kijiji yao. La pili inapunguka. La tatu inapotea kabisa, inabaki Kiitaliano safi na maneno yetu ya Kiswahili. Ni ile ndiyo moyo wa tasnifu. Huyu mutu alisahau luga ya mama yake, akakuwa mutu wa huku."

Nikakaa chini. Padri alipoandika uchungu wake, hasa uzeeni, aliuandika kwa lugha ya mama yake. Nilipoukata uchungu niliikata na lugha. Georgine alikuwa amejenga nyumba yake juu ya shimo nililochimba mimi.

Basi nikafunga safari. Nilikuwa na huzuni lakini sikuwa na hofu, maana dawa ya kosa langu ilikuwepo nyumbani, chini ya kitanda.

Jumanne asubuhi niliondoka Rwambuzi kwa miguu hadi barabara kuu, na kutoka hapo kwa pikipiki hadi uwanja wa ndege. Mnajua jinsi ilivyokuwa wakati ule. Kando ya uwanja familia za Djugu zilikaa chini ya mahema ya plastiki, moshi wa asubuhi ukitambaa chini, na akina mama wakichota maji kwa zamu. Mlangoni askari mmoja wa kikundi kilichoshika mji aliniamuru nifungue sakoshi yangu ya begani.

"Muzee, iko nini humu?"

"Madaftari."

"Ya nani?"

"Ya padri moja, alikufa zamani."

Akafungua moja, akaligeuza juu chini. "Hii ni luga gani? Iko siri ya majeshi?"

"Iko Kiitaliano. Ukipenda nitakusomea."

"Soma."

Nikasoma nikitafsiri, bila haraka: mvua ya mwezi wa tatu, maharagwe yaliyooza, mbao za kanisa zilizochelewa, mvua tena. Nilipogeuza ukurasa wa pili askari alikuwa anapiga miayo.

"Basi, basi, muzee. Padri yako iko anasema sana. Pita."

Ndege ndogo ilituvusha juu ya Ziwa Albert, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa Entebbe.

Kampala nilikaa wiki sita nikingoja pasipoti na viza, maana mpaka niliuvuka kwa karatasi ya safari tu. Nilidhani zingekuwa wiki mbili. Nilipokewa na Mama Véronique, Mukristo wa Djugu aliyekimbilia kule na wajukuu wake, anayeuza sambusa mbele ya kanisa. Kila asubuhi nilikwenda ubalozini, nikaketi, nikasali rozari, nikaambiwa nirudi kesho. Sikununa. Mtu aliyengoja amani miaka mingi anaweza kungoja muhuri. Lakini siku ya Georgine ilikuwa inasogea, na hilo liliniuma.

Mama Véronique alinikuta nikisoma madaftari, nikamweleza yote.

"Papa Katekista," akasema, mikono yake ikiwa na unga, "weye ulikata maneno ya mukubwa wako?"

"Nilimuheshimu."

"Ulimuogopea. Ni vitu mbili." Akageuza sambusa. "Mupigie ule mutoto simu leo."

Nilipiga mara mbili. Mara zote mbili Georgine alizungumza yeye, jinsi profesa alivyomsifu, jinsi wanavyomwambia atapata shahada na pongezi juu yake, nami nikaishia kumbariki na kukata simu. Hilo ni kosa langu la pili, na ninaliandika hapa pamoja na la kwanza.

Viza ilitoka siku ya Alhamisi. Nilipofika Roma zilibaki siku kumi na mbili kabla ya Georgine kutetea. Kuhusu Roma sitawaambia mengi, kwani niliiona kupitia dirisha la basi na sikujipa ruhusa ya kusimama. Nilipanda treni ya kwenda kaskazini. Mashamba yao yamenyooka kama mistari ya daftari, na katika saa zote zile hakuna mtu aliyenisalimu, ila mama mmoja aliyenikatia nusu ya chungwa lake. Nilipoona jina la Padova, mji anakosoma Georgine, nilifanya ishara ya msalaba kwa ajili ya Mtakatifu Antonio. Watu wanamwomba awaonyeshe vitu vilivyopotea. Mimi nilikuja na kitu nilichokuwa nimekipoteza kwa makusudi.

Georgine alikuwa kwenye jukwaa la treni. Amekuwa mwanamke mwembamba, ana miwani, na kitambaa cha kichwani amekifunga kama mama yake. Alinikumbatia, akachukua sanduku langu. Nikamwambia tuketi kwanza.

"Hapa, Papa? Baridi itakuuma. Nimekupikia."

"Keti, mama."

Tukaketi kwenye benchi. Nikaweka madaftari matatu juu ya magoti yake, nikafungua kile kitambaa, nikasema kila kitu: sehemu ishirini na sita, lahaja, gunia la maharagwe. Sikujitetea.

Aligusa ukingo ulioliwa na mchwa. Treni mbili zilikuja zikaenda.

"Iko," akasema polepole. "Haikuungua."

"Haikuungua."

"Na miaka minne niko nalia juu ya hii kitu kwamba iliungua. Na weye uko nanisikia kwa simu niko nalia."

"Ndiyo."

"Papa, ni weye ulinifundisha katekismu. Zambi ya kutenda na zambi ya kutotenda. Ulinipiga hata kwa rula nilipochanganya."

"Nakumbuka."

"Siku kumi na mbili," akasema, akasimama, akabeba sanduku langu, akatangulia mbele hadi nyumbani. Tukala chakula alichopika. Kilikuwa sombe. Alitoa wapi majani ya muhogo katika mji ule sijui hadi leo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda chuo kikuu kwa Profesa Lidia, aliyekuwa anamwongoza. Ni mama mfupi mwenye mvi, anayezungumza taratibu kama mtu anayehesabu mishono. Alisikiliza, akaenda kunawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akafungua daftari la tatu. Alisoma muda mrefu. Nilingoja karipio, na nilikuwa tayari kulipokea.

"Unakumbuka mahali ulipokata?" akaniuliza.

"Kila mahali, mama."

"Basi wewe si kama wanakili ninaowajua. Wangu walikufa zamani na hawanijibu."

Kisha akamgeukia Georgine na kumwonyesha njia mbili. Ya kwanza, kuomba tarehe isogezwe hadi kikao kingine. Lakini fedha za masomo zingekwisha kabla, na bila hizo kibali chake cha kukaa nchini kingekwisha pia. Ya pili, kuwaandikia maprofesa wa baraza leo hii, kuwaambia kwamba moyo wa tasnifu umeanguka, na kuwaletea sura mpya siku ya kutetea. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa mbele ya watu wote.

Georgine aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu stesheni. "Ya pili," akasema. Halafu kwa Kiswahili, kwangu: "Na weye hutapumuzika kabla yangu."

Siku hiyo na nne zilizofuata tulifanya kazi katika chumba kidogo cha maktaba, kuanzia kinapofunguliwa hadi kinapofungwa. Namna yao ya kufanya kazi nilifikiri itanishinda, kumbe naijua tangu ujana. Sisi katika parokia tuna vitabu viwili vya ubatizo, kimoja kinabaki na kingine kinakwenda kwa askofu, na kila mwisho wa mwaka watu wawili wanaketi kuvilinganisha, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole. Jina, baba, mama, msimamizi, hata nukta. Ndivyo tulivyofanya. Georgine alisoma nakala yangu, mimi nikafuata maandishi ya Padri. Nilipofika penye pengo nilisema "Hapa," naye aliweka kalamu chini, nami nikasoma nilichokuwa nimekificha.

Siku mbili za kwanza alisema tu, "Endelea." Siku ya tatu tulifika pengo la kumi na tano. Nikasoma. Akanisimamisha.

"Na hii ulikata sababu gani? Hapa anatukana mbuzi tu."

"Alimutukana vibaya sana."

"Mbuzi alifanya nini?"

"Alikula kanzu ya Pasaka."

Georgine aliweka paji la uso juu ya meza. Nilidhani analia. Mabega yake yalitikisika hadi mlinzi wa maktaba akaja kutunyamazisha, na alipoinua uso machozi yalikuwa ya kicheko, ingawa si yote. Kuanzia hapo alianza kuniita tena "Papa" wakati wa kuniomba kalamu.

Lakini kulikuwa na shida mbili. Maneno mengi ya lahaja ile hatukuyajua, wala mimi wala yeye wala Profesa Lidia. Na profesa alituonya kwamba maandishi ya siri kama haya hayawezi kuchapishwa bila ruhusa ya ndugu wa marehemu. Padri alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Pierina, kijijini. Akikataa, sura mpya haitakuwepo.

Jumamosi tulipanda basi la milimani. Barabara inazunguka kama kamba iliyotupwa chini, na juu kabisa kuna theluji hata wakati jua linapowaka. Kijiji kizima kilikuwa kinatungoja. Walitupikia polenta. Ni bugali, wapendwa, bugali wa mahindi ya manjano, wanaukata kwa uzi. Nilipoumega kwa mkono bila kuuliza walipiga makofi. Ukutani waliweka picha ya Padri Bortolo, na chini yake maneno kwamba aliishi Afrika kwa furaha hadi mwisho. Niliyasoma, nikaweka tonge chini.

Pierina ana zaidi ya miaka themanini. Alitupeleka jikoni kwake, akafunga mlango, akawaacha wanakijiji nje. Nikamweleza kwamba kaka yake aliandika mambo mazito, kwamba mimi niliyaficha kwa ajili ya jina lake, na kwamba leo namwomba yeye aamue. Georgine alikuwa amekunja mikono mapajani. Karatasi ya ruhusa ilikuwa ndani ya mkoba wake, na hakuitoa.

"Soma," Pierina akasema.

Nikasoma ile ya mbingu iliyofungwa kama bati. Nilisoma vibaya, kwa sauti ya mtu wa Ituri. Alinisahihisha neno moja, kisha jingine. Nilipofika mahali Padri anapojifananisha na kitu ambacho hatukukielewa, Georgine akauliza maana yake.

"Ni ng'ombe," Pierina akajibu. "Anayesimama mlangoni mwa zizi theluji ya kwanza inapoanguka. Hataki kuingia na hawezi kubaki nje. Mama yetu alilitumia neno hilo kwa Bortolo alipokuwa mdogo, kila asubuhi ya shule."

Nje tulisikia watu wakipanga viti.

"Alituandikia kila Noeli," akaendelea. "Niko salama, kazi inaendelea, watu ni wema. Maneno yale yale, kwa Kiitaliano cha shule. Mama alikufa akisema mwanawe hatuhitaji tena." Akanitazama. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Alipougua homa alimwita mama yenu kwa lugha hiyo. Nilikuwa nashika beseni."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi tu."

Alivuta kiti chake karibu na changu. "Soma zote," akasema.

Tulisoma hadi jua likazama nyuma ya mlima, zote ishirini na sita. Ile ya mbuzi aliomba mara mbili. Aliyaeleza maneno, Georgine akaandika haraka, na mwishoni Pierina mwenyewe akauliza anatakiwa kutia sahihi wapi. Kuhusu picha ya ukutani alisema, "Hayo maandishi ya chini nitayatoa mimi. Hakuna atakayegombana na mimi katika umri huu."

Siku ya kutetea ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye madawati ya mbao na dari iliyochorwa malaika. Maprofesa watano waliketi mbele. Georgine alisimama. Alianza kwa kusema kwamba sura ya nne ya tasnifu waliyoishika mkononi si kweli, akaeleza kwa nini, kisha akatoa sura mpya: kwamba Padri Bortolo hakusahau lugha ya mama yake, bali aliihifadhi kwa ajili ya siku mbaya, na kwamba nakala ya katekista inatuonyesha jinsi Wakristo wa Ituri walivyotaka kumkumbuka. Alitaja mapengo yote moja baada ya lingine. Ilikuwa kama kusikia maungamo yangu yakisomwa kanisani, lakini na mtu asiyenichukia.

Profesa mmoja kutoka mji mwingine, mwenye uso mkavu, aliinua mkono.

"Mnakili huyu alikudanganya miaka minne. Unajuaje kwamba hayo madaftari nayo hajayagusa?"

"Nimechunguza karatasi, wino na mwandiko, na yote nimeyaandika katika nyongeza," Georgine akajibu. "Lakini kuna sababu nyingine. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kukaa Bunia. Alipita katikati ya vita kuja kujishtaki."

"Hiyo si hoja ya filolojia."

"Hapana, Profesa. Ndiyo maana nimeiweka baada ya nyongeza."

Wengine walitabasamu. Huyo hakutabasamu. Walitutoa nje, tukasimama kwenye ushoroba mrefu wa mawe karibu saa nzima. Georgine alishika mkono wangu. Nilisali, na wala sikuomba ashinde. Niliomba asilipe yeye deni la kosa langu. Walipotuita walimtangaza kuwa daktari. Zile pongezi za juu hazikutajwa. Wawili katika baraza, Profesa Lidia alituambia baadaye, walisema sura iliyoandikwa kwa siku kumi haiwezi kupewa sifa hiyo, na hawakukosea.

Nje nilimwomba msamaha tena, kwa ajili ya hizo pongezi.

"Papa, acha," akasema. "Ile tasnifu ya pongezi ilikuwa ya uongo. Hii iko yangu." Kisha akafuta miwani yake. "Lakini itaniuma kidogo. Sitakuficha."

Nilishukuru kwamba hakunificha.

Wiki mbili za mwisho nilizitumia Padova nikiandika nakala mpya, nzima, bila kuruka hata mbuzi. Madaftari yenyewe niliyaacha katika maktaba, na tumeandikiana kwamba ni mali ya parokia yetu na yatarudi barabara za Ituri zikitulia. Nilirudi kwa njia ile ile, Roma, Entebbe, Kampala kwa Mama Véronique, kisha ndege ndogo. Mji niliukuta mahali pake, mahema kando ya uwanja yakiwa yameongezeka. Namshukuru Mungu aliyenipeleka na kunirudisha, na ninawashukuru ninyi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwaomba mbaki katika ukumbi, na wengi mlibaki. Niliwaambia nilichofanya. Nilikuwa nimejifunza kwamba kumfunika mtu si kumheshimu. Mimi nilimfunika mkubwa wangu hadi dada yake hakumtambua, na nikawanyima ninyi mwenzenu. Nikawasomea sehemu tano. Mnakumbuka kwamba haikupokewa vizuri na wote. Mama mmoja alisimama akasema, "Papa Katekista, ungetuachia ule padri yetu wa zamani," na baadhi yenu mlimuunga mkono, na sikuwalaumu.

Watu walipoanza kutoka, baba mmoja wa Djugu alikuja mbele. Anakaa kambini na watoto wawili waliombakia kati ya sita. Anakuja kanisani kila Jumapili na kukaa nyuma, na mdomo wake haufunguki wakati wa sala. Wote tunajua, na hakuna anayemwuliza.

"Papa," akasema, "ile fasi anasema mbingu imefungwa. Soma tena."

Nikasoma tena.

"Na kesho yake? Alisali misa?"

Nikageuza ukurasa. "Kesho yake ameandika: nimesali misa saa kumi na mbili, watu kumi na wanne."

"Na mbingu ilifunguka?"

"Hakuandika. Ameandika tu misa, na mvua."

Akafikiri, amesimama, kofia yake mkononi. Kisha akavuta benchi, akaketi mbele yangu.

"Soma na ile ya siku ya tatu," akasema.